Tutarudi Kwako

MUSA: Karibuni tena. Niko na dada Zai, ambaye leo kaingia kimya, hata maandazi hajagusa. Mnaomjua, hiyo ni dharura.

ZAI: Usinichekeshe, kaka. Kijana katoka kwenye grupu letu la kuchora ramani.

MUSA: Yupi?

ZAI: Yule wa boda. Jumamosi tulikuwa Bwaise, hapa Kampala, tunaingiza mifereji ya maji kwenye OpenStreetMap, ile ramani ya mtandaoni inayochorwa na watu wa kujitolea. Watu 18, kompyuta tatu, umeme unakuja unaenda. Mratibu ni mimi. Akanyoosha mkono, akasema mstari tuliochora umekosewa. Nikamwambia...

MUSA: Usiseme.

ZAI: "Tutarudi kwako."

MUSA: Banange! Mimi nasubiri turudi kwangu tangu kipindi cha nne.

ZAI: Sikurudi. Jumapili asubuhi naona katoka.

MUSA: Na alikuwa sahihi?

ZAI: Ndicho kinachouma. Sisi tulichora kwa picha ya setilaiti, na picha inaona mabati tu. Ule mfereji umefunikwa zege, juu wamepanga vibanda vya chapati, chini maji yanakwenda kinamasi cha Lubigi. Yeye anapita pale kila siku. Mvua ikinyesha anajua pikipiki inazimikia wapi. Jumatatu nikamfuata steji, nikamwomba radhi. Akanichorea njia yote kwa kidole, kwenye vumbi la tangi la pikipiki.

MUSA: Kwenye grupu umeandika nini?

ZAI: Sijaandika.

MUSA: Hapo siko nawe. Umemkata kauli mbele ya watu, radhi umempa pembeni. Na ramani yenyewe, kila badiliko linabaki na jina na tarehe, yeyote anaona nani kachora na nani karekebisha. Radhi yako tu ndiyo ya siri?

ZAI: Mstari hauoni haya, Musa. Mtu anaona. Nikiandika, nitamwagiwa makofi, "kiongozi mnyenyekevu", na yeye anageuka mfano wangu. Nilimuuliza anataka nini. Kasema, "Nnyabo, rekebisha mfereji tu."

MUSA: Angesema nini tena, mratibu umemsimamia kichwani?

ZAI: Nilikaa! Kwenye benchi! Halafu—

MUSA: Tutarudi kwako.

ZAI: Wewe!

MUSA: Subiri. Majuzi nimepanda taksi, hivi vibasi vyetu, pale Old Taxi Park, nimetoa noti ya elfu kumi. Konda, chenji? "Ssebo, tutarudi kwako." Tumefika Wandegeya, tunarudi kwangu. Nimeshuka Makerere, bado tunarudi.

ZAI: (anacheka) Fundi wa mabomba naye kaniambia hivyo tangu Ramadhani.

MUSA: Shemeji yangu alipeleka posa. Wazee wakamwambia, "Tutarudi kwako." Binti ana watoto wawili sasa. Si wake!

ZAI: Astaghfirullah! Nipe maji.

MUSA: Kunywa. Lakini wale 17 waliobaki walimwona ananyamazishwa. Hawajaona kingine.

ZAI: Wataona mstari mpya.

MUSA: Nani ataukagua?

ZAI: Na yeye aliyeniambia yameisha, nimbishie?

MUSA: Sikubali.

ZAI: Usikubali.

(kimya)

MUSA: Fundi mitambo ananionyesha kidole kimoja.

ZAI: Dakika moja? Na yale mambo matano ya kuongoza watu wa kujitolea? Nimeyaandika usiku kucha!

MUSA: Soma la kwanza, haraka.

ZAI: La kwanza: mtu akiwa anaongea—

MUSA: Muda, dada.

ZAI: Musa, usithubutu kusema.

MUSA: Sijasema kitu! Wasikilizaji, tuta—