Mkono Uliopungwa Angani

Wenzangu, asanteni kwa kuja. Nimepewa mada ya kumbukumbu za marubani wa Kijerumani wa Vita Kuu ya Kwanza. Vitabu hivyo ni vingi, nikivigusa vyote tutakesha hapa. Nitachukua viwili, na ndani yake nitafuata kitu kimoja tu: mkono wa adui unaopungwa.

Cha kwanza ni cha Manfred von Richthofen, yule wa ndege nyekundu, aliyehesabiwa ushindi 80, yaani ndege 80 za adui alizoziangusha. Julai 1917 risasi ilimjeruhi kichwani. Alipokuwa akiuguza jeraha ndipo kitabu kikaandikwa, na kikatoka mwaka huohuo, baada ya kupita mikononi mwa wakubwa wa jeshi. Kumbukeni majira ya baridi yaliyotangulia: raia wa Ujerumani walikuwa wakila mizizi ya kulishia mifugo. Watu kama hao walitakiwa wapewe shujaa anayecheka.

Humo anasimulia alivyomwangusha Meja Lanoe Hawker, Mwingereza, tarehe 23 Novemba 1916. Wanazungukana kama majogoo, kila mmoja akiutaka mkia wa mwenzake, huku wakizidi kushuka. Katikati ya mzunguko huo, anasema, Hawker akampungia mkono, kama mtu anayekujulia hali barabarani. Sasa soma taarifa ya Richthofen ya kijeshi ya pambano lilelile: mistari michache, risasi 900, adui chini. Mkono haumo.

Simwiti mwongo. Taarifa ya jeshi si mahali pa salamu. Ila Hawker hakuwepo tena wa kuulizwa.

Cha pili ni cha Ernst Udet, cha mwaka 1935. Huyu alikuwa na ushindi 62, na miaka ya mwanzo ya 1930 alikuja na ndege Tanganyika kupiga filamu za wanyama, kwa hiyo wazee wetu wengine huenda walimwona akipita juu yao. Anasimulia kwamba Juni 1917 alikutana na Mfaransa Georges Guynemer, na bunduki yake ikakwama. Akaipiga ngumi, wapi! Guynemer akapita juu yake, akaona, akampungia mkono, akaenda zake. Kisa kitamu mno. Lakini Guynemer alipotea Septemba ileile, na kitabu kilitoka Udet akiwa chini ya Göring, mkuu wa jeshi la anga la Hitler, akijenga jeshi hilo jipya.

Mimi ukurasa wake ninaouamini ni mwingine. Anakutana na adui kwa mara ya kwanza, ndege ya Kifaransa aina ya Caudron. Iko mbele yake kabisa, naye anaganda. Kidole hakifyatui. Mfaransa anatangulia kupiga, vioo vya miwani vinapasuka usoni mwa Udet. Kisa hicho hakimpi sifa yoyote, nami naona hakikuwekwa humo kwa ajili ya kupigiwa makofi.

Turudi kwa Richthofen. Kabla ya kuuawa tarehe 21 Aprili 1918, akiwa na miaka 25, aliandika kurasa chache zaidi. Anasema akikisoma kile kitabu chake anatabasamu kwa ujeuri uliomo, kwani yeye si mtu yule tena. Kila akitoka kupigana anajisikia vibaya. Akitua anajifungia chumbani, hataki kuona mtu wala kusikia neno. Katika kurasa hizo hakuna anayempungia mtu mkono.