Saa kumi na mbili na nusu asubuhi, Gran Vía

Wanangu, mlionisikia mwaka jana mnajua nitaanzia wapi. Naanzia Madrid, kiangazi cha 1974, saa kumi na mbili na nusu asubuhi. Mchoraji Mhispania wa miaka 38, Antonio López García, amesimama pale barabara ya Gran Vía inapokutana na mtaa wa Alcalá. Anapaka rangi dakika 20, pengine 30. Jua likipanda na vivuli vikahama, anafunga vitu vyake anaondoka. Kesho anarudi. Kiangazi kikiisha, mwanga ule umekwisha naye anausubiri hadi mwaka unaofuata. Picha hiyo, Gran Vía, haifiki mita moja upande. Aliimaliza 1981.

Kila mara kuna anayenyoosha mkono: "Mwalimu, si angepiga picha kwa kamera?" Nimechoka na swali hili, ila nitalijibu tena. Kamera inakamata nukta moja. López alilaza mapambazuko ya miaka yote ile juu ya kitambaa kimoja. Kijivu cha lami yake kimefutwa, kikarudiwa, kikapimwa tena na lami yenyewe.

Na mwingine husema, "Dikteta Franco alikufa 1975, katiba mpya ikaja 1978, Februari 1981 askari wakavamia bunge, na yeye anachora barabara tupu! Hakuna mtu, hakuna gari, ni saa ya jengoni tu inayosoma 6:30." Aliyezaliwa mwaka 1936, mwaka Wahispania walipoanza kupigana wenyewe kwa wenyewe, hahitaji sisi tumfundishe siasa. Nchi nzima ilikuwa inahama. Yeye aliamua kusimama pale pale na kuangalia. Mimi nauheshimu sana uamuzi huo.

Kuangalia alifundishwa nyumbani Tomelloso, mji wa wakulima wa zabibu huko La Mancha. Ami yake, Antonio López Torres, naye mchoraji, alimkuta mtoto ananakili picha zilizochapwa, akamweka mbele ya vitu vyenyewe. Akiwa na miaka 13 alipelekwa Madrid kujiandaa kuingia chuo cha sanaa cha San Fernando.

Sasa ule mti. Vuli ya 1990, uani kwake, alianza kuchora mti wa membrillo alioupanda mwenyewe. Ni tunda la njano, jamaa ya tufaha na peasi. Mwongozaji wa filamu Víctor Erice alikuwepo na kamera, kwa hiyo tunaona kila kitu. López anapigilia misumari ardhini ili miguu ikanyage palepale kila siku. Ananing'iniza uzi wa timazi. Anatia alama nyeupe kwenye majani na matunda, maana tunda likiiva linaongezeka uzito, tawi linashuka, na alama inamwambia limeshuka kiasi gani. Mvua inanyesha, wanajenga kibanda cha turubai. Mwanga anaoutaka haurudi. Anaiacha rangi ya mafuta, anashika penseli. Matunda yanaanguka. Penseli nayo anaiweka chini.

Mnasema alishindwa? Nimefundisha miaka mingi, na sijaona somo la uchoraji linalozidi zile alama nyeupe. Ninyi mnaniletea picha tano kwa wiki, na nikiuliza kivuli kiliangukia upande gani, mnatazama dari.

Muda unaniishia. Picha ya familia ya Mfalme Juan Carlos ilimchukua miaka 20 hivi; ilipoonyeshwa katika Jumba la Kifalme mwishoni mwa 2014, mfalme alikwisha kumwachia mwanawe kiti. Sanamu za López naziruka. Mkewe María Moreno, mchoraji kamili, aliyefariki 2020, anastahili mhadhara wake, nami nitautoa.

Kwa sasa naomba taa zizimwe. Gran Vía ile pale ukutani. Tunaitazama dakika 20, kimya, simu mifukoni.