Kazi Inayofanywa Kabla Zege Halijamwagwa

Mkuu wa chuo, walimu, wakubwa zangu shikamooni. Vijana, habari za asubuhi. Naona wengine mmekaa mpaka kwenye ngazi kule nyuma, nawashukuru sana.

Nimeombwa nizungumze juu ya kazi ya mkaguzi wa majengo. Nimeifanya miaka 19, kwanza kwa washauri elekezi, yaani kampuni za kitaalamu zinazosanifu na kusimamia ujenzi, kisha halmashauri, na bado naipenda.

Hii ni futikamba yangu. Hebu ipitisheni mikononi. Ukiivuta utaona namba za sentimita thelathini za mwanzo zimeanza kufutika, huko mbele bado ni mpya. Kazi yangu nyingi imo ndani ya hizo thelathini: ringi na ringi, zile nondo nyembamba zinazozungushwa kufunga nondo kubwa, zimeachana kiasi gani, nondo iko mbali kiasi gani na ubao unaoshikilia zege, slabu, yaani sakafu ya zege ya ghorofa, itakuwa na unene gani. Tena vyote hivyo unaviona kwa saa chache tu, tangu nondo zifungwe mpaka mashine ya zege ianze kunguruma. Zege likishamwagwa, aliyefunga vizuri na aliyelipua kazi wanafanana.

Mwaka wangu wa pili kazini niliitwa kukagua slabu ya jengo moja karibu na bahari. Nimefika saa kumi na moja jioni. Vibarua wamejipanga na ndoo, mchanga na kokoto vimeshapimwa. Nikatembea juu ya nondo, nikahesabu, idadi ikalingana na mchoro. Nilipoinama nikakuta nondo za chini zimelala juu ya mbao zenyewe, hakuna biskuti hata moja. Biskuti mnazijua, vile vipande vya saruji vya kuinua nondo ili zege lipite chini yake. Msimamizi akaniambia, "Dada, tutaziinua kwa mkono wakati tunamwaga." Nikawatazama wale watu waliosubiri tangu mchana, nikaona haya kuwarudisha. Nikasaini.

Baada ya miaka sita nilipita pale tena. Dari ya chini ilikuwa na mistari ya rangi ya kutu, na sehemu moja zege limebanduka, nondo iko wazi kama mbavu. Upepo wa bahari una chumvi. Nondo isipofunikwa hata milimita 25 za zege zuri, chumvi na unyevu huifikia, inashika kutu, kutu inavimba na kulisukuma zege mpaka lipasuke. Kutengeneza biskuti na kuzipanga kungewachelewesha siku chache tu. Sahihi kwenye daftari la saiti ni yangu.

Ndiyo maana nawaambia, hesabu mtafundishwa na walimu wenu, lakini kusema "leo hatumwagi" mbele ya watu hamsini, hilo anzeni kulizoea mapema. Sema kwa adabu, usimfokee fundi, kisha liandike: tarehe, saa, ulichokiona, unachotaka kirekebishwe. La mdomo hukanwa.

Wengi wenu mlikuwa wadogo Machi 29, 2013. Ilikuwa Ijumaa Kuu, jengo la ghorofa 16 likaanguka mtaa wa Indira Gandhi hapa Dar es Salaam, wakafa zaidi ya watu 30. Ya jengo lililoanguka Kariakoo, Novemba 16, 2024, mnayakumbuka wenyewe. Tulikesha tukisikiliza watu wakiita kutoka chini ya kifusi. Mimi siku zile sikuweza kula vizuri. Nilikuwa nawaza saiti zote nilizopita nikiwa nimechoka.

Sasa, njia ya kuingia. Mwenye stashahada, yaani ngazi ya 6, anaanza kama fundi sanifu na anaweza kusajiliwa na Bodi ya Usajili wa Wahandisi. Mwenye shahada ya uhandisi anapitia mafunzo kazini ya miaka 3 chini ya bodi hiyo hiyo kabla ya kuwa mhandisi mtaalamu. Ajira ziko halmashauri, kwa washauri elekezi, Wakala wa Majengo, na OSHA, wakala wa usalama na afya mahali pa kazi, kwa wanaopenda upande wa usalama wa wafanyakazi. Mliotoka vyuo vya ufundi vya VETA mkiwa mafundi uashi msijidharau. Mtu aliyewahi kufunga nondo kwa mikono yake hadanganyiki.

Na jifunzeni kipimo cha koni, cha kujua zege bichi ni jepesi au zito kiasi gani, mpaka mkifanye mkiwa na usingizi. Koni ina kimo cha milimita 300. Unajaza kwa tabaka tatu, kila tabaka unalishindilia kwa fimbo ya chuma mara 25, unainua polepole, unapima zege limeshuka kiasi gani. Likimwagika kama uji, kuna mtu ameongeza maji ili lisambazwe kirahisi, na nguvu imepungua. Kisha unajaza zege kwenye viboksi vya milimita 150, likishaganda unavihifadhi vipande hivyo majini, vinavunjwa siku ya 7 na ya 28 kupima nguvu. Majibu ya siku ya 28 yakija mabaya, ghorofa ya juu yake imeshapanda. Kwa hiyo koni ile ya asubuhi usiiruke.

Walimu wenu wamenikubalia jambo moja. Kesho tunakagua nguzo za ghorofa ya pili kwenye saiti tuliyo nayo. Zege limepangwa saa nne, sisi tutaingia saa moja kamili. Nina nafasi ya wanafunzi kumi. Njoo na helmeti, viatu vigumu na futikamba yako mwenyewe.