Vipimo safi, maji hayaishi

Naanza na pedi. Mama mmoja wa miaka 40 na kitu alikuja kliniki na mkoba, ndani khanga mbili na pakiti nzima ya pedi, akasema dokta mimi sitoki damu, natoka maji, yanateleza kama ute wa yai, nabadilisha mara sita kwa siku. Keshatibiwa fangasi mara tatu huko alikopita. Vipimo vya shingo ya kizazi navyo, cha siki safi, papsmia ya kukwangua seli safi, kirusi cha HPV hana.

Sasa hapo tukae kidogo, maana kuna kansa ya shingo ya kizazi inayoweza kupita vipimo hivyo, inaitwa adenoma malignum. Kansa nyingi za shingo ya kizazi zinaletwa na kirusi cha HPV na zinaanzia sehemu ambayo ukipaka siki unaiona inageuka nyeupe. Hii ninayoisema mimi inaanzia kwenye tezi, mara nyingi juu ndani ya mfereji wa shingo ya kizazi, siki haifiki huko, na haihitaji HPV kabisa, kwahiyo majibu yakisema hana kirusi yanasema kweli ila swali letu bado liko palepale. Tezi zenyewe zinageuka zinafanana na zile za tumbo la chakula, ndo maana zinamwaga ute vile.

Shida nyingine iko mezani kwangu, kwenye darubini. Ukiniletea kinyama kidogo cha juujuu naona tezi nzuri, seli zimejipanga, viini vidogo. Daktari Mjerumani Gusserow aliieleza tangu 1870 na mpaka leo inatupita! Ubaya wake uko kwenye kina, yaani tezi zimezama chini kabisa ukutani ambako hazina kazi, zimejikunja kama makucha. Na ile rangi ya p16 tunayopaka kwenye kipande, ambayo kansa ya HPV inawaka kahawia, hapa mara nyingi haiwaki. Kwahiyo jamani nileteeni lile pande refu la umbo la pia linalokatwa kwenye shingo ya kizazi, na picha ya MRI kama mama anaweza kuifikia, afu mwangalieni midomo, madoa meusi ya tangu utotoni yanaweza kuwa Peutz-Jeghers, ugonjwa wa kurithi unaotembea na kansa hii.

Yule mama, kipande chake cha kwanza nilisoma mimi. Niliandika hakuna saratani. Cha pili kilikuja kirefu, na pembeni ya fomu nesi kaandika kwa mkono: maji mengi mno, dokta naomba uangalie chini. Nikashusha darubini mpaka ukingoni mwa kipande, na zile tezi zilikuwepo.