Tazama Mstari wa Nyuma: Kumtafutia Kijana Studio Mpya ya Baleti

Wazazi wenzangu, walezi, na nyinyi vijana mliokuja na mifuko yenu ya viatu, ahsanteni kwa kufika. Nimeombwa nizungumze juu ya jambo ambalo kwa mtu wa nje huonekana dogo. Mtoto ana miaka 13 au 14, anacheza baleti, na sasa inabidi abadilishe studio. Pengine mwalimu wake amestaafu. Pengine familia inahama. Pengine amefika mahali ambapo pale alipo hapana tena wa kumvusha. Na pengine ameanza kurudi nyumbani akiwa kimya, anatupa mfuko wake mlangoni na kwenda moja kwa moja chumbani.

Nimefundisha baleti miaka mingi, na bado siku binti yangu alipohitaji studio mpya nilikosea. Mahali nilipompeleka palikuwa na kabati la vioo lililojaa vikombe vya mashindano. Nilikaribishwa nikae nitazame darasa, nami nikakodolea macho wasichana wanne wa mstari wa mbele. Walikuwa wazuri kweli, miguu yao inapanda kama haina uzito. Nikalipa siku hiyohiyo. Binti yangu akapangwa mstari wa nyuma, na huko nyuma mwalimu hakuwa akifika. Mwezi wa tatu akaanza kulalamika maumivu ya muundi, na alipomwambia mwalimu akajibiwa kwamba baleti ni maumivu, azoee. Tukamtoa.

Tangu hapo, nikiingia studio yoyote, nautazama mstari wa nyuma. Wale wa mbele hukueleza nani alichaguliwa. Wale wa nyuma hukueleza nani anafundishwa. Na kijana wako, awe hodari kiasi gani, akifika mahali papya ataanzia nyuma.

Kwa nini nasisitiza hili kwa vijana hasa, wala si kwa watoto wa miaka sita? Kwa sababu mwili wa kijana uko njiani. Wasichana wengi hurefuka kwa kasi kubwa karibu na miaka 11 au 12, wavulana karibu na 13 au 14. Mifupa hutangulia, misuli na kano hufuata nyuma, kwa hiyo mtoto aliyekuwa mlaini mwaka jana huamka amekakamaa. Aliyekuwa anazunguka mara mbili bila kuyumba anaanguka kwenye mzunguko mmoja, kwa sababu miguu yake imekuwa mirefu na ubongo bado unaendesha ile mifupi. Karibu na ncha za mifupa kuna tabaka za gegedu ambako mfupa unakua, na hizo ni dhaifu kuliko mfupa uliokomaa. Ndipo maumivu ya goti, ya kisigino na ya nyonga yanapotokea.

Tunao msemo wetu, samaki mkunje angali mbichi, nami nimeusikia ukitumika studioni, mwalimu amemkalia mtoto mgongoni ili nyonga zifunguke. Jamani, kijana wa miaka 13 si samaki. Mgeuko wa miguu katika baleti, vidole vikitazama nje, unatoka kwenye nyonga, na nyonga ya kila mtu imeumbwa kivyake. Mtoto akilazimishwa kupita pale nyonga yake inapofikia, hana pa kuutafuta mgeuko uliobaki isipokuwa kwenye goti na kifundo. Anausokota mguu.

Basi ukienda kutazama darasa, anza na nyayo. Watoto wanapokunja magoti, ile plie ya kwanza kabisa kwenye ufito wa kushikilia ukutani, angalia kama goti linakwenda juu ya vidole au linaanguka ndani. Angalia kama upinde wa unyayo umesimama au umelala sakafuni. Mtoto mmoja akifanya hivyo si neno, wote wanajifunza. Lakini darasa zima likiwa limebonyea ndani, na mwalimu anahesabu muziki bila kusema kitu, hapo inuka uage kwa adabu. Mwalimu mzuri humwambia mtoto punguza mgeuko, lete miguu ndani kidogo, sasa simama juu yake. Kumwambia mtoto apunguze kunahitaji ujasiri, kwa sababu kwa muda picha inakuwa si nzuri.

Baadaye, wakifika kwenye mirukio, fumba macho. Sikiliza. Darasa lililofundishwa vizuri linatua kwa sauti ndogo, kwa sababu vidole vinagusa kwanza, kisha unyayo, kisha kisigino, na goti linapokea. Ukisikia kishindo kama magunia yanashushwa, uliza wanafundishwa lini kutua.

Sauti hiyo itakueleza pia habari za sakafu. Sakafu ya kuchezea inatakiwa kuwa na mnepo: mbao zilizoinuliwa juu ya fremu au sponji, na juu yake tandiko la vinaili lisiloteleza. Simama katikati uruke mara mbili wewe mwenyewe. Usione haya, mimi hufanya hivyo hata leo. Vinaili iliyotandikwa juu ya zege hupendeza machoni, lakini mguu utajua. Kwa mimi hili halina majadiliano. Mwalimu bora duniani juu ya zege, mara nne au tano kwa wiki, bado atakurudishia mtoto mwenye nyufa za uchovu kwenye mifupa.

Sasa viatu vya ncha, vile vigumu vya kusimamia ncha za vidole, maana najua wengine mmekuja kwa ajili ya hivyo. Tangu mcheza baleti Marie Taglioni alipopanda juu ya ncha za vidole jukwaani Paris mwaka 1832, kila msichana wa baleti ameiota siku hiyo. Studio zinajua, na zipo zinazovitumia viatu hivyo kama chambo: njoo kwetu, utavaa mwaka huu. Wataalamu wa tiba ya wacheza dansi wana mwongozo unaokubalika mahali pengi, kwamba mtoto asipande kabla ya miaka 12, na kwamba umri peke yake hautoshi. Wanatazama nguvu za kiwiliwili, uimara wa kifundo, miaka aliyofundishwa, na idadi ya madarasa kwa wiki. Anayecheza mara moja tu kwa wiki wanashauri asipewe. Kwa hiyo uliza swali hili: mnaamuaje? Ukiambiwa, wote wa ngazi ya nne huvaa, hilo ni jibu la duka. Ukiambiwa, tunawapima mmoja mmoja, anasimama mguu mmoja, anapanda na kushuka mara kadhaa tukimtazama kifundo, na wengine husubiri mwaka, umepata mwalimu. Mtoto atalia kwa kusubiri. Mwache alie, umshike mkono.

Nije kwenye jambo linalowachanganya wazazi, nalo ni mitaala. Baleti ina koo zake. Kuna njia ya Vaganova iliyotoka Urusi, kuna ya Cecchetti aliyekuwa Mwitaliano, kuna ya Bournonville wa Denmark, kuna mitihani ya Royal Academy of Dance iliyoanzishwa London mwaka 1920, na kuna mtindo wa Balanchine, ambaye shule yake ilifunguliwa New York mwaka 1934. Watu hubishana ipi bora mpaka usiku wa manane. Mimi nimewaona wacheza wazuri kutoka kila mmoja, na walioharibiwa kutoka kila mmoja pia. Ila ukimhamisha kijana kutoka ukoo mmoja kwenda mwingine, jiandae. Binti yangu alikulia katika ile mitihani ya London, kisha akaenda kwa mwalimu wa njia ya Vaganova. Siku ya kwanza mwalimu akasema, mikono nafasi ya tatu. Darasa zima likainua mikono yote miwili juu ya kichwa. Yeye akanyoosha mmoja pembeni na mwingine akauviringisha mbele ya kifua, kama alivyofundishwa tangu utoto. Nilimwona kwenye kioo akibadilika rangi. Mwalimu akasimamisha mpiga piano, akasogea mpaka mstari wa nyuma, akamwambia, "Hiyo pia ni nafasi ya tatu, kwenu. Hapa tunaiita hivi." Akamwinulia viwiko taratibu. Halafu akawaambia wenzake waoneshane zote mbili, wajue. Dakika mbili tu zilipita. Nilikuwa nimeshafungua pochi nitafute leso.

Kwa sababu hiyo msiogope studio mpya ikimpanga mtoto ngazi moja chini. Najua inauma, hasa akiwekwa na watoto wa miaka 11 naye ana 14. Lakini uliza ni kwa muda gani, na nini hasa wanataka kukiona kabla ya kumpandisha. Wakikutajia kitu unachoweza kukishika, kwa mfano mgongo wake bado unapinda anapoinua mguu nyuma, kubali. Wakisema tu ndivyo ilivyo, endelea kutafuta.

Na msikimbizwe na umri. Misty Copeland alianza baleti akiwa na miaka 13, na mwaka 2015 akawa mwanamke wa kwanza Mmarekani mweusi kufikia cheo cha juu kabisa cha wacheza katika kundi la American Ballet Theatre. Simtaji ili kila mtoto aahidiwe hilo, maana ni wachache mno. Namtaja kwa sababu nawaona wazazi wakitia saini mkataba wa mwaka mzima kwa hofu kwamba mwezi mmoja wa kutafuta utamharibia mtoto maisha. Mwezi mmoja hauharibu kitu. Mwalimu mbaya wa mwaka mmoja anaharibu.

Liko jambo ambalo huwa nalisema polepole, kwa sababu limebeba watoto ninaowafahamu. Chakula na mwili. Msichana anayefanya mazoezi mengi na kula kidogo, mwili huanza kujibana: hedhi inakatika au haiji, mifupa inakosa kujengwa katika miaka ileile inayopaswa kujijengea akiba, majeraha hayaponi. Hata wavulana hupungukiwa nguvu hivyo. Mwaka 2014 Kamati ya Kimataifa ya Olimpiki ilitoa tamko la wataalamu kuhusu hali hii kwa wanamichezo, kwa hiyo hapana mwalimu anayeweza kusema leo kwamba hajasikia. Studio inayopima uzito mbele ya wengine, inayotaja tumbo la mtoto kama kosa la ufundi, inayomsifu aliyekonda baada ya kuugua, usimwache mwanao humo hata wiki moja. Sikiliza maneno. Mwalimu anayejua kazi yake husema vuta misuli hii, inua kutoka hapa. Hahitaji kutaja unene.

Vivyo hivyo mikono ya mwalimu. Baleti hurekebishwa kwa kugusa, nami siipingi hiyo. Lakini mwalimu huomba ruhusa, hugusa mahali panapoeleweka, na mlango wa studio una kioo. Mawasiliano ya mwalimu na kijana yapitie kwa mzazi au kundi la pamoja, wala si ujumbe wa siri saa nne usiku. Ukiuliza sera yao na wakakasirika, hasira hiyo ndiyo jibu.

Wenye wavulana, ulizeni kama kuna darasa lao au angalau mwalimu anayewafundisha mirukio yao, na ni lini wanaanza kuinua wenzao. Mgongo unaokua haukimbilii kubeba mtu. Ulizeni pia rangi ya soksi ndefu na viatu. Dance Theatre of Harlem, kundi la baleti la New York lililoanzishwa mwaka 1969, lilizoea kuwavisha wacheza wake rangi za ngozi zao tangu miaka ya 1970, hivyo studio inayomlazimisha mtoto mweusi avae rangi ya waridi bila kuweza kueleza kwa nini haijasimama kufikiri.

Fedha nitazigusa kwa ufupi. Ada ya mwezi mara nyingi ndiyo sehemu ndogo. Ombeni kwa maandishi gharama za mavazi ya jukwaani, mitihani, mashindano na safari, na masharti ya kuondoka katikati ya mwaka. Mkishindwa kupata karatasi hiyo kabla ya kujiunga, hamtaipata baadaye.

Mwisho wa yote, mwulizeni kijana mwenyewe. Afanye darasa la majaribio mahali pawili au patatu, kisha kwenye njia ya kurudi usimwulize kama walimsifu. Mwulize alirekebishwa nini. Binti yangu alipotoka studio ile ya vikombe, alikuwa akijibu, "Hakuna." Alipotoka kwa yule mwalimu wa nafasi ya tatu, alianza kuongea kabla hatujafunga mlango wa gari: kisigino, bega la kushoto, pumzi, halafu akavua kiatu anioneshe kidole kipi alikuwa akikikunja bila kujua. Aliongea mpaka nyumbani.

Sasa nipokee maswali. Nianze na binti yule pale nyuma, amenyoosha mkono tangu nilipotaja viatu vya ncha.