Ngome ya Gjirokastër: Jengo Ambalo Kila Mtawala Alilipatia Kazi

Mwenyekiti, walimu wangu, ndugu zangu wote, nashukuru kwa nafasi hii.

Niliombwa nizungumzie ngome za Waturuki, na nimechagua moja tu: ile ya Gjirokastër, kusini mwa Albania. Imekaa juu ya kilima kirefu chembamba, chini yake bonde la mto Drino, na ubavuni mji wenye mapaa ya vigae vya mawe. Mji huo uliingizwa katika orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2005. Mkienda, vaeni viatu visivyoteleza. Vichochoro vyake ni vya mawe yaliyosuguliwa na nyayo za karne nyingi, na mvua ikinyesha utamtaja Mola kila hatua.

Watu huiita ngome ya Uthmaniya, yaani ya dola ya Waturuki, nami sibishi sana. Lakini kuta zilikuwepo kabla ya Waturuki kuuteka mji mwanzoni mwa karne ya 15. Na sehemu kubwa tunayoiona leo ni kazi ya Ali Pasha wa Tepelena, aliyeuingia mji huo miaka ya mwanzo ya 1810. Huyu bwana alikuwa gavana wa Sultani kwa jina, lakini kwa vitendo alijitawala. Alipanua kuta, akaleta maji kwa mfereji uliopita juu ya matao kutoka milimani, zaidi ya kilomita 10. Ajabu ni kwamba ngome tunayoisifu kuwa ya Uthmaniya ilijengwa na mtu ambaye mwishowe Uthmaniya wenyewe walimpiga vita. Mwaka 1822 aliuawa, kichwa chake kikapelekwa Istanbul.

Sisi wa Pwani tusidhani habari za Waturuki hazituhusu. Nahodha wa Kituruki Mir Ali Bey alifika kwetu na meli zake miaka ya 1580, Wareno wakamkamatia Mombasa mwaka 1589. Miaka minne baadaye wakaanza kujenga Fort Jesus. Hofu ya Mturuki ilichangia kujenga ngome hata pale ambapo Mturuki hakutawala.

Turudi Gjirokastër. Kwa nini imesalimika? Jibu langu si tamu: imesalimika kwa sababu haikukosa kazi. Serikali ya Mfalme Zog wa Albania ilijenga gereza ndani yake. Waitaliano na Wajerumani wakalitumia wakati wa Vita vya Pili vya Dunia, kisha wakomunisti wa Enver Hoxha, aliyeitawala Albania baada ya vita hivyo, naye ni mzaliwa wa mji huohuo. Vyumba vya wafungwa vipo hadi leo, vyembamba na vyenye unyevu, na mimi sioni haya kusema kwamba nilipoizuru ngome, huko ndiko nilikokaa muda mrefu kuliko kwenye buruji. Mfereji wa Ali Pasha nao haukupata bahati hiyo. Mwaka 1932 ulibomolewa. Mchoraji Mwingereza Edward Lear alikuwa ameuchora mwaka 1848, na michoro yake ndiyo inayotuonyesha ulivyokuwa mrefu.

Ukiingia langoni unapita ukumbi mrefu wa matao, giza na baridi hata jua likiwaka nje, mizinga iliyotekwa vitani imepangwa pande zote. Huko juu uwanjani kuna jukwaa la tamasha la taifa la ngoma za asili, lililoanza mwaka 1968.

Karibu na hapo kuna ndege. Ndiyo, ndege ya kijeshi ya Marekani, imechakaa, mabawa yanatazama bonde. Ilitua Albania Desemba 1957. Serikali ya Hoxha ilisema ni ya kijasusi. Wamarekani wakasema rubani alipata matatizo angani. Rubani aliachiwa baada ya wiki chache, ndege ikabaki, baadaye ikapandishwa ngomeni iwe kielelezo cha ushindi. Wageni wengi hupigia picha ndege kwanza, kuta baadaye.

Mwenyekiti, muda wangu umekwisha. Nadhani kuna wanaotaka kunibishia kuhusu Ali Pasha, nakaribisha maswali.