Uvimbe Uliochapwa na Majirani Zake

Mabibi na mabwana,

Tangu mwaka 1951, seli za Henrietta Lacks, mwanamke Mmarekani aliyeugua saratani ya shingo ya kizazi, zilipoanza kuoteshwa katika maabara ya Johns Hopkins mjini Baltimore, watafiti wa saratani wamezoea kuitazama seli ikiwa imejitandaza kwenye sahani ya maabara, imezungukwa na zinazofanana nayo tu, na maji ya lishe yakiifikia bila kikwazo. Mengi tumeyajua kwa njia hiyo, wala siibezi. Ila ndani ya mwili hakuna saratani inayoishi hivyo. Uvimbe ni mtaa wenye wakazi mchanganyiko: zimo seli za kinga zilizokuja kupigana zikaishia kurubuniwa, zimo zinazosuka nyuzi za kolajeni, yaani protini inayoshikilia tishu, na mishipa ya damu iliyoota ovyo. Seli iliyo mbali na mshipa kwa mikromita 200 hivi, yaani sehemu ya tano ya milimita, hukosa oksijeni ya kutosha, hupunguza kujigawa, na kwa kuwa dawa nyingi za kemotherapi huwinda seli zinazojigawa haraka, hiyo iliyodumaa ndiyo husalimika.

Mtaa huo ndio tunaotaka kuuchapa, yaani kuujenga upya maabarani kwa printa inayopanga seli hai. Wino wa printa ni jeli iliyobeba seli hai, mara nyingi jelatini, au alijineti itokanayo na mwani. Sindano huchora tabaka juu ya tabaka, na uzi wa alijineti ukigusa maji yenye kalsiamu hushikana papo hapo, kama nta ya mshumaa iliyodondokea maji baridi. Sindano nyembamba huchora kwa ufasaha zaidi, lakini seli zinazosukumwa kwa nguvu kupitia tundu dogo huumia na kufa. Ukilipanua tundu, umbo linaharibika. Mwendeshaji wa printa hushinda akitafuta pa kusimama kati ya hasara hizo mbili.

Faida yake ilionekana wazi mwaka 2021, katika kazi ya kundi la Ronit Satchi-Fainaro wa Chuo Kikuu cha Tel Aviv kuhusu glioblastoma, saratani kali ya ubongo. Walishughulikia protini iitwayo P-selektini, ambayo saratani hiyo huitumia kuzigeuza mikroglia, yaani seli za kinga za ubongo, zikawa wasaidizi wake. Walipoizuia katika sahani, seli za saratani ziliendelea kukua kama kawaida. Walipoizuia katika uvimbe uliochapwa, na vilevile katika wanyama, ukuaji ulipungua. Mtafiti aliyetegemea sahani peke yake angeitupa dawa ya kuizuia protini hiyo, na kwa maoni yangu asingestahili lawama, kwa sababu kosa lilikuwa la chombo.

Hata hivyo uvimbe uliochapwa nao una uongo wake. Chukueni siklofosfamaidi, dawa ya miaka mingi: jinsi inavyoingia mwilini haiui saratani, mpaka ini liibadilishe kwanza. Ukiimwaga juu ya uvimbe uliochapwa vizuri kabisa, wenye mishipa na mikroglia, lakini usio na seli za ini karibu, utaandika kwenye daftari kwamba haifanyi kazi. Ndiyo maana baadhi ya maabara sasa huuunganisha uvimbe na kipande cha tishu ya ini kwa vijifereji vyembamba, ili dawa ipite kwanza kwenye ini ndipo iufikie uvimbe.